Nani Mwenye Njia?

Njia ni haja ya kwanza ya mwanadamu baada ya chakula na maji. Asiye na njia hana soko, hana shule, wala hana jirani. Hata akiwa na mazao tele ghalani, mazao yake humwozea. Kwa sababu hiyo, katika kila zama pamekuwapo watu wawili waliotamani kusimama mahali njia inapobana. Mmoja ni mtawala, na wa pili ni mfanyabiashara. Mtawala husema kuwa anasimama pale kwa ajili ya amani; mfanyabiashara husema kuwa anasimama pale kwa ajili ya huduma. Msafiri, ambaye ndiye mwenye safari, huulizwa mwisho, au haulizwi kabisa.

Bonde la Ufa liliyaona mambo haya zamani. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipanda bara, ikapita kando ya ziwa Naivasha, ikaenda mpaka Baringo kutafuta pembe za ndovu. Kila ilipoingia katika nchi ya wenyewe ilitoa nguo, shanga na nyaya za shaba ili ipewe ruhusa ya kupita. Malipo hayo yaliitwa hongo. Mwaka 1883 Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, alipita Naivasha na kufika Baringo pamoja na wapagazi wake, naye alitozwa hongo kama waliomtangulia. Machoni pa wenye nchi, hongo ilikuwa haki: mgeni alikunywa maji yao, alikanyaga malisho yao, na alilala katika amani yao. Machoni pa mgeni, mara nyingi ilikuwa unyang'anyi, kwani leo alidaiwa kumi na kesho ishirini, na hapakuwa na wa kumwambia kiasi kilicho halali.

Leo neno hilo limebadilika maana. Hongo si malipo ya njia tena. Ni kitu kinachotiwa mkononi mwa mwenye cheo ili atende asilopaswa kutenda, au atende kwa mmoja lile alilopaswa kutenda kwa wote. Sijui neno jingine linalotufundisha zaidi juu ya shabaha ya insha hii. Ushuru wa njia ukikosa kipimo, ukikosa mashahidi, na ukikosa mahali pa kurufaa, haukawii kuwa rushwa. Mtozaji aweza kuwa chifu, aweza kuwa waziri, aweza kuwa kampuni; ugonjwa ni ule ule.

Njia mpya ya zama zetu ni intaneti. Haipitishi miguu wala magurudumu, bali hupitisha maneno, picha, hesabu na fedha. Mwanafunzi wa Njoro afunguapo simu kutafuta maelezo ya somo, ombi lake huenda kwenye mnara ulio karibu, hushuka katika waya mwembamba wa kioo uliofukiwa ardhini, huteremka mpaka Mombasa, na pengine huzama baharini hadi nchi za mbali, kisha jibu hurudi kabla hajapepesa macho mara mbili. Nyaya kubwa za baharini zilianza kufika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo mawasiliano yetu na nchi za nje yalitegemea sana setilaiti. Na kituo cha kuyapokea kilijengwa hapa hapa kwetu, karibu na mlima Longonot, kikafunguliwa mwaka 1970. Basi watu wa Nakuru si wageni wa habari hii. Mlango mmoja wa ulimwengu ulikuwa kando ya mashamba yao.

Lakini safari hiyo fupi ina milango mingi. Mnara una mwenyewe, waya una mwenyewe, masafa ya hewani yana mgawaji wake, na leseni ina mtoaji wake. Ndipo lilipozaliwa swali ambalo watu wazima hubishana juu yake, nanyi vijana mtalirithi: nani awe mshika funguo za milango hii, serikali au makampuni?

Tuwasikilize kwanza wale wanaosema serikali. Hoja yao ni nzito. Mfanyabiashara, wasema, hufuata faida kama nyuki afuatavyo ua. Pasipo ua hapana nyuki. Atajenga minara miwili katika mtaa mmoja wa mji, na ataliacha bonde zima la wafugaji bila hata mnara mmoja, wala hatakuwa amevunja sheria yoyote. Mfano wake tuliuona kwa macho yetu. Mwezi wa Julai 2020, wakati shule zilipokuwa zimefungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, kampuni iitwayo Loon, mali ya wenye Google, ilishirikiana na Telkom Kenya kuleta intaneti kwa vibofu vikubwa vilivyoelea angani, kiasi cha kilomita 20 juu ya ardhi. Nakuru, Baringo, Iten, Eldoret, Kericho na Narok zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotajwa kupata huduma hiyo. Ilikuwa ajabu njema. Walakini mwezi wa Januari 2021 wenye kampuni walitangaza kuwa hawakuiona njia ya kupata faida, na ilipofika Machi huduma ikakoma katika nchi yetu. Vibofu vikaondoka kama vilivyokuja.

Hapa hapakuwa na mwizi wala mwongo. Mtu ana haki ya kuacha biashara isiyomlipa. Lakini tazama jambo lenyewe: njia ya mtoto wa Baringo ilifunguliwa na ikafungwa katika daftari la hesabu lililoandikwa Marekani, na mtoto huyo, na wazazi wake, na wawakilishi wao, hawakuwa na neno katika daftari lile. Wala si mara ya kwanza. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ilipewa hati ya kutawala nchi zetu hizi kwa biashara. Mwaka 1895 hazina yake ilikuwa imekauka, ikaziacha, na serikali ya Uingereza ikazitwaa. Kampuni huja kwa hiari na huondoka kwa hiari, wenyeji hubaki.

Tena, wasema watu hawa, zawadi ya mfanyabiashara nayo ina kamba. Tangu mwaka 2014 Facebook, kwa kupitia kampuni ya simu, ilitoa katika Kenya huduma ya bure kwa kurasa chache zilizochaguliwa. Maskini alifurahi, maana bure ni bure. Lakini mtu aliyepewa vyumba viwili vya nyumba na kuambiwa kuwa ndiyo nyumba yote amepewa kitu na amenyimwa kitu. India iliitazama zawadi ya namna hiyo, na mwaka 2016 msimamizi wake wa mawasiliano akakataza makampuni kutoza bei mbalimbali kwa kufuata kitu mtu anachokisoma. Tena si India peke yake iliyopata faida ya msimamizi. Mwezi wa Agosti 2010 Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliteremsha ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kupokea simu ya mteja wake, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, mara bei ya kupiga simu ikaanguka nchi nzima. Hali kadhalika sheria yetu huyataka makampuni yatoe asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka katika mfuko wa kupeleka mawasiliano mahali pasipo na faida. Mambo haya soko halikuyafanya lenyewe.

Sasa na tuwasikilize wale wanaosema makampuni, au kwa maneno yaliyo karibu zaidi na kweli, wanaosema: si serikali. Wao nao hawakosi mashahidi. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900 ilikuwa reli ya serikali. Je, ilikuwa reli ya watu wote? Katika miaka ya 1920 nauli ya kusafirisha nje mahindi ya walowezi iliteremshwa kusudi, wakati Mwafrika alipokuwa amekatazwa kumiliki ardhi katika nyanda zile zile ambazo reli ilizipita. Njia kuwa mkononi mwa serikali si dhamana ya haki, kwa maana serikali yenyewe yaweza kuwa mali ya wachache.

Watatukumbusha pia yaliyotokea baada ya uhuru. Hadi mwaka 2004 Telkom Kenya, shirika lililokuwa la serikali, ndilo peke yake lililokuwa na haki ya kupitisha intaneti kati yetu na nchi za nje. Barua ya mteja wa kampuni moja ya intaneti kwa mteja wa kampuni nyingine, hata wakiwa wote wawili wakazi wa Nairobi, ilipanda setilaiti, ikazunguka ng'ambo, kisha ikarudi. Mwezi wa Novemba 2000 makampuni madogo yaliungana, yakafungua kituo cha kubadilishana mizigo ya intaneti hapa hapa nchini. Telkom ililalamika, na baada ya majuma machache tu msimamizi aliyewekwa na serikali akaamuru kituo kifungwe. Hakikufunguliwa tena mpaka mwezi wa Februari 2002. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja nchi maskini ililipa nauli ya kwenda ng'ambo na kurudi kwa barua ya kuvuka barabara, na amri ya jambo hilo ilitoka kwa mlinzi wa wananchi.

Na yapo makubwa zaidi. Serikali yaweza kufanya jambo ambalo hakuna kampuni peke yake iliyo na nguvu za kulifanya: kuizima njia nchini kote. Uganda ilitoza watu shilingi 200 za Uganda kila siku kwa kutumia mitandao ya kijamii tangu Julai 2018, na katika uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilikatwa kwa siku kadha. Tanzania ilikatwa intaneti tangu siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025. Hapa Kenya, tarehe 24 Juni 2024, Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kuwa haina nia ya kuzima intaneti. Siku ya pili yake, saa ambazo vijana walikuwa wakiandamana dhidi ya Mswada wa Fedha na wengine wakaingia Bunge, intaneti ilidhoofika nchini. Makampuni yakasema kuwa nyaya za baharini zimepata hitilafu. Mimi sitaamua hapa habari hiyo. Nataka msomaji aone jambo moja tu: mwananchi wa kawaida hakuwa na namna yoyote ya kulipima jibu alilopewa. Alitakiwa aamini, na hakuna zaidi.

Basi tumeona hoja mbili, na kila moja ina kweli ndani yake. Ni wepesi kwa mwandishi kusema kuwa kweli iko katikati, akaweka kalamu yake chini. Sitafanya hivyo, kwa sababu nadhani swali lenyewe limewekwa vibaya. Linatufanya tudhani kuwa serikali na kampuni ni mafahali wawili wanaopigana, na sisi ni nyasi tunaochagua fahali wa kushangilia. Mara nyingi hawapigani. Mara nyingi huvaa kanzu moja.

Tazama tena mifano yetu. Kituo cha mwaka 2000 kilifungwa na msimamizi wa serikali, lakini kwa malalamiko ya mfanyabiashara aliyeogopa ushindani. Baada ya hisa za Safaricom kuuzwa kwa umma mwaka 2008, serikali ilibaki kwa miaka mingi na asilimia 35 ya kampuni hiyo, iliyo kubwa kuliko zote katika biashara ya simu nchini. Hakimu alikuwa na fungu katika shamba la mmoja wa wadai. Mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilimwandikia msimamizi kuomba kampuni za setilaiti za kigeni zisipewe leseni za kujitegemea, bali zifanye kazi kwa kushirikiana na makampuni ya hapa. Na amri ya kuzima intaneti, itokapo, hutoka kwa serikali, lakini mkono unaobonyeza kitufe ni wa kampuni. Mmoja ana amri, mwingine ana kitufe. Mwananchi hana hiki wala kile.

Swali lililo bora, kwa rai yangu, ni hili: huyu aliyeshika funguo, yeyote awaye, amefungwa na nini? Mwenye funguo asiyefungwa na kitu atatoza hongo. Afungwaye na sheria ya haki atatoza ushuru, nao tutaulipa bila kinyongo.

Wazee wetu walikwisha kulifikiri jambo hili katika maji. Katika miteremko ya bonde la Kerio, kaskazini ya Nakuru, Wamarakwet wana mifereji ya kunyweshea mashamba iliyochimbwa na mababu karne kadha zilizopita. Mfereji si wa chifu wala si wa tajiri. Ni wa koo zilizouchimba na kuutunza. Zamu ya kila mmoja hujulikana kabla ya maji kufunguliwa. Asiyetokea siku ya kutengeneza mfereji hutozwa faini. Mtu akiona ameibiwa zamu yake, yako mabaraza ya wazee ya kumsikiliza. Sisemi kuwa hawakupata kugombana. Mahali penye maji machache hapakosi ugomvi. Nasema kuwa ugomvi wao ulikuwa na kipimo na ulikuwa na baraza.

Katika mfano huo twaweza kuchota masharti manne. Kwanza, kanuni ijulikane kabla ya tendo. Pili, iwe moja kwa mkubwa na kwa mdogo. Tatu, atoaye amri ya kufunga aseme hadharani kuwa ameifunga njia, kwa sababu gani na kwa muda gani. Nne, pawepo mwamuzi asiye na fungu katika shamba, ambaye mdogo aweza kumwendea. Penye manne haya, sioni hofu kubwa serikali ikisimamia au kampuni ikiuza. Pasipo haya, sioni nafuu katika yeyote kati yao.

Na tuyajaribu masharti haya katika jambo linalowahusu ninyi wenyewe. Katika majira ya mtihani wa mwisho wa sekondari wa mwaka 2024, Mamlaka iliyaagiza makampuni yaufunge mtandao wa Telegram ili kuzuia udanganyifu. Yuko atakayesema kuwa amri hiyo ilikuwa njema, na ana haki ya kusikilizwa. Mwizi wa mtihani ni mwizi wa haki ya mwenzake. Mtoto wa Molo aliyekesha na kitabu hukosa nafasi yake kwa ajili ya mtoto mwingine aliyenunua majibu. Na huyo aliyekesha mara nyingi ndiye maskini. Je, hastahili kulindwa?

Astahili. Lakini mwizi akiingia sokoni, hatulifungi soko, twamtafuta mwizi. Katika mtandao ule ule walikuwamo wafanyabiashara waliouza mali zao, na wanafunzi waliosaidiana masomo kwa uaminifu. Wote walifungiwa mlango kwa kosa lisilo lao. Zaidi ya hayo, karatasi ya mtihani haiibwi na mtandao. Huibwa na mkono wa mtu aliyekabidhiwa aitunze, na mkono huo hauguswi na amri ya kuufunga mtandao. Huenda yako mambo ya hatari kubwa yanayoweza kuhalalisha kufunga njia kwa saa chache. Sikatai. Lakini anayedai hivyo na abebe mzigo wa kuthibitisha mbele ya mwamuzi, wala mzigo huo asiutwike mwananchi. Ni jambo la kutia moyo kwamba mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda ya kuzuia intaneti isizimwe wakati shauri la jambo hilo likingoja kusikilizwa. Amri ya muda si hukumu ya mwisho, lakini ni dalili kuwa baraza la wazee lipo.

Nimalizie kwa wajibu, maana haki isiyo na wajibu ni kama mfereji usio na wa kuuzibua. Mtu hapewi zamu ya maji kwa kulala. Vijana, ninyi ndio mtakaokuwa kesho wabunge, mafundi wa minara, mahakimu, wenye hisa na walipa ushuru. Jifunzeni njia hii inavyokwenda, ili msidanganywe kuwa mlango umefungwa na upepo. Ulizeni bei yake hufanywaje. Mkipewa cha bure, ulizeni ni nani anayelipa na kwa nini. Na siku mtakapokabidhiwa funguo ninyi, jueni kuwa majaribu hayatawajia kwa sura ya ubaya. Yatawajia kwa sura ya amani, au ya maendeleo, au ya kuwalinda watoto.

Wenye njia ni wapitao na waitengenezao. Mtawala ni mlinzi wao, na mfanyabiashara ni fundi wao, na wote wawili wastahili ujira. Lakini mlinzi akijiita mwenye nyumba, na fundi akijiita mwenye nyumba, ni juu ya wenye nyumba kuamka. Lugha yetu imekwisha kutuonya kwa neno moja: malipo ya njia, yaliyotolewa zamani mchana mbele ya wazee, leo jina lake ni jina la kitu kitolewacho gizani.